Kutu Niliyoisingizia

Kuna injini moja niliyoivunja mwenyewe, kisha nikasimama mbele ya mwenye mali na majirani zake nikasema imeliwa na kutu. Nimelinyamazia jambo hili muda mrefu kuliko haki. Wateja wangu wa Karatu watakaolisoma hapa wana haki ya kuamua kama wataendelea kuniita.

Trekta lilikuwa Massey Ferguson 135, yale mekundu yaliyotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na ambayo huku kwetu bado yanalima mahindi na maharage. Injini yake ni Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Sijaona injini yenye subira kama hiyo. Inavumilia dizeli chafu, inavumilia chujio lililosahauliwa, inavumilia dereva asiyejua kupumzisha mashine. Mzee aliyekuwa nalo alilinunua likiwa limeshatumika katika shamba la ngano, na kwa misimu mingi likamlimia yeye na jirani zake. Kisha pampu ya dizeli ikaharibika, fedha ya kuitengeneza ikaenda kwenye mambo ya shule, trekta likaegeshwa nje kando ya zizi. Masika ikapita juu yake, ikapita na nyingine. Bomba la ekzosi la trekta lile husimama wima juu ya boneti, na kopo la kulifunika halikuwepo.

Injini inapozimwa, daima kuna valvu inayobaki wazi katika silinda mojawapo. Maji yakiingia kwenye bomba, huteremka taratibu hadi pale. Pistoni ni ya alumini, lakini ringi zake na slivu inamotembea ni chuma cha kusubu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kutu ikijaa pale ringi zinapogusana na slivu, ringi zinashikwa, injini inajam. Si kifo hicho. Ningetamani ningelisema neno hilo siku ile.

Mzee aliniita baada ya kupata fedha. Nilifika na pampu iliyotengenezwa, nikaifunga, nikapiga stata, ikagonga mara moja ikanyamaza. Mwanzoni nilifanya kazi yangu vizuri. Nilishusha stata nihakikishe si meno yake yaliyong'ang'ania kwenye flaiwili. Nilitoa mkanda wa feni. Nikaweka spana ndefu kwenye nati ya puli ya mbele, nikavuta kwa nguvu zangu zote, haikutikisika. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Mwanangu, si tumimine mafuta ya taa humo ndani, tuiache kwanza?" Aliwahi kuliona hilo likifanyika kule kwenye ngano.

Nilimjibu kwamba mvua haisubiri. Ilikuwa kweli mvua ilikuwa karibu, lakini haikuwa sababu. Trekta la jirani lilikuwa pale siku hiyo, watu walikuwa wamekusanyika, na mimi nilitaka waione injini ikiamka mikononi mwangu kabla jua halijazama. Nilitaka pia kulipwa na kuondoka.

Kufungua nozeli tatu si kazi ya kumshinda fundi. Ningezifungua, ningeyaona maji yaliyokuwa yamekaa juu ya pistoni ya pili. Ningeinua kifuniko cha valvu, ningeona zipi zimeng'ang'ania. Sikufungua chochote. Nilifunga mnyororo kwenye trekta la jirani, nikamkalisha kijana kwenye usukani wa lile la Mzee, nikamwambia atie gia ya juu, akanyage klachi, aiachie nitakapopunga mkono.

Aliachia. Tairi za nyuma ziliburuzwa zikichimba udongo bila kuzunguka, nami nikamwashiria dereva wa mbele aongeze moto. Hapo ndipo nilipaswa kusimamisha. Tairi zikashika, injini ikazunguka, watu wakashangilia, na katikati ya shangwe ile nikausikia mlio mmoja mkavu. Baada ya hapo injini iligeuka kwa urahisi, lakini kila mzunguko ulikuwa na ubishi wake ndani.

Hewa hubanika, ndiyo maana dizeli huwaka. Maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji na valvu zimefungwa, nguvu yote hurudi kwenye konrodi, nayo hupinda. Anayezungusha injini kwa mkono huhisi ukuta huo mapema na huacha. Nyuma ya mnyororo kulikuwa na trekta zima, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa ukipima kitu.

Nilishusha sampu na kunyanyua silinda hedi mchana huo, Mzee akiwa amekwenda kunywesha ng'ombe. Konrodi ya katikati ilikuwa imepinda. Ringi zilikuwa vipande, na kipande kimoja kilikuwa kimechora slivu kutoka juu hadi chini. Nilifungua ile konrodi, nikaifunga kwenye tambara, nikaitia chini kabisa ya mfuko wangu wa spana. Kisha nikamwita Mzee, nikamwonyesha silinda ya kwanza. Humo kutu ilikuwapo kweli, nyekundu na nzito. Nikasema, "Mzee, hii ilishakufa zamani. Maji yameimaliza." Kila alichokiona kilikuwa cha kweli. Nilichomwambia hakikuwa.

Akanilipa ujira wa siku. Nikaupokea.

Kisha akageuka akamtazama mwanawe mdogo, aliyekuwa bado shule ya msingi. Kazi ya kulitunza kopo la ekzosi alikuwa amepewa yeye, na alikuwa amelichukua akalifanya la kunyweshea ndama. Baba yake akamwuliza mbele ya watu kama amesikia alivyosema fundi. Mtoto hakujibu. Na mimi, mwenye konrodi mfukoni, sikujibu pia.

Trekta liliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tangu hapo Mzee akawa mtu wa kukodi, na mwenye kukodi hulimiwa baada ya mwenye trekta kumaliza lake, wakati mwingine mvua za kwanza zikiwa zimeshapita bure. Mavuno yakipungua, kopo lile lilitajwa. Nililisikia likitajwa hata kilabuni.

Kwa miaka kadhaa nilifaulu kujiaminisha kwamba injini ile ingekufa tu. Kilichoniondolea kinga hiyo ni trekta jingine la aina ileile, upande wa Mbulu, lililokaa nje muda mrefu zaidi. Mwenye nalo alikuwa mama mmoja, na kabla sijashusha vifaa alinionya: hapa hakuna kuvuta.

Nilianza na kumwaga oili. Maji yalitangulia kutoka, kwa kuwa hukaa chini ya oili. Nikatoa nozeli, nikanyonya maji ya juu ya pistoni kwa bomba la sindano na mpira mwembamba. Nikalegeza shafti ya roka ili valvu zipumzike zikiwa zimefungwa na pushirodi zisipinde, na zile valvu zilizokuwa zimeng'ang'ania nikazilainisha moja moja. Kisha nikajaza dizeli niliyoichanganya na ile oili nyekundu ya gia za otomatiki. Yule mama aliiongeza kila asubuhi ilipopungua, na kupungua kwenyewe kulitupa moyo, maana ilionyesha kwamba inapenya. Nilipita kila nilipopata nafasi, nikaingiza mtalimbo kwenye tundu la stata, nikasukuma meno ya flaiwili huku, nikasukuma kule, bila kushindana nayo.

Ilikataa. Nikanyanyua hedi, nikasugua kwa msasa ile pete ya kutu iliyokuwa juu ya pistoni, kwa sababu pistoni ikisukumwa kupanda juu ya kutu hiyo hukwama au huvunja ringi. Nikachonga gogo la mti mgumu liingie ndani ya silinda bila kugusa kuta, nikagonga kwa nyundo ya mbao. Pistoni ikashuka upana wa ukucha. Tuligeuza, tukarudisha, tukamimina tena, mpaka ikazunguka. Tukatoa pistoni zote, tukaweka ringi mpya. Trekta lile linalima hadi leo.

Mama alifurahi sana. Mimi nilikuwa nikitazama slivu zake: kutu ilikuwa nyingi kuliko ile niliyomwonyesha Mzee.

Nilikwenda kwake. Nikamwamkia, nikamweleza yote, mnyororo, maji, na konrodi niliyoiiba. Aliniuliza kama injini ile ingeunguruma tena. Nikamwambia ingeunguruma, kwa ringi na labda slivu za kununua Arusha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira juu ya trekta. Akasema, "Nilimchapa mtoto kwa ajili ya lile kopo. Fedha zako zitangoja. Kamwambie yeye."

Mtoto yule sasa ni dereva wa lori. Nilimkuta, nikarudia maneno yaleyale. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba ajibu. Alisema jambo moja: kwamba nilimsingizia mbele ya watu, kwa hiyo nikanushe mbele ya watu.

Nakanusha. Alilichukua kopo, ni kweli, na mvua iliingia, na ringi zilishikwa na kutu. Yote hayo yalikuwa bado yanafunguka kwa mafuta na muda, kama baba yake alivyotaka. Konrodi iliyopinda, ringi zilizovunjika, slivu iliyochorwa na ujira nilioupokea ni vyangu. Ujira nimeurudisha. Trekta bado ninadaiwa.