Mji Kasoro Bahari, na Sisi Tulikuwa Tunaelea

Nina shoga yangu London, yeye na mumewe wanaishi kwenye boti. Si kwa ufahari, kodi za nyumba ziliwashinda. Ndani kuna jiko, kitanda, kila kitu. Kasheshe moja tu: sheria ya kule ya mwaka 1995 inamkataza mwenye boti asiye na maegesho ya kudumu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Nilipomsimulia mchumba wangu akacheka: "Sasa sisi Moro tutaelea wapi?" Kweli, huu ndio mji kasoro bahari.

Lakini na sisi tulikuwa tunaelea, msomaji wangu. Yeye chumba Sinza, shilingi 250,000 kwa mwezi. Mimi chumba Morogoro, 100,000. Uchumba wa miaka mitatu, kodi mbili, harusi inasogezwa kila mwaka.

Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria Dar hadi Moro, nauli ya kawaida 13,000. Tukachangamka: tupange Mafiga, yeye aende kazini na kurudi kila siku! Tukashika kalamu. Kwenda na kurudi 26,000, mara siku 22, ni 572,000. Unafuu uko wapi hapo? Tukapiga hesabu upya: aje Ijumaa jioni, arudi Jumatatu alfajiri, siku za kazi alale kwa kaka yake Tabata. Nauli 104,000, kodi ya Mafiga 150,000. Jumla 254,000 badala ya 350,000.

Nyumba tukapata: vyumba viwili, choo ndani, luku yetu wenyewe. Ukifungua dirisha la jikoni, Uluguru hiyo, imejifunika ukungu. Ndizi na mboga za sokoni zinashuka kutoka huko huko mlimani. Ila mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali mwezi wake mmoja: 1,050,000. Tukachota fungu la harusi. Tukafunga ndoa asubuhi, pilau ya watu thelathini, ukumbi hakuna. Mama alininunia wiki nzima.

Sasa ngoja nikwambie asichosema dalali. Usiku nne kila wiki nalala peke yangu. Mwezi wa kwanza tuligombana kwenye simu kwa vitu vya ovyo kabisa. Ikabidi tuwekeane masharti: hakuna kukata simu tumenuniana, Ijumaa haina udhuru, na ile 96,000 inayobaki haiguswi. Ni ya kiwanja, ili siku moja mmoja wetu aache kusafiri.

Mafiga ni mawe ya kuinjikia chungu, na mawili hayatoshi. Mimi na yeye ni mawili. La tatu ni hiyo Ijumaa.

Kwa hiyo kabla hamjakimbilia kodi nafuu, hesabuni na usiku mtakaokosana. Shoga yangu anahamahama kila wiki mbili, lakini analala na mumewe kila siku. Wewe na mwenzako mngechagua lipi?