Mwanzi wa Kununua

Katika Upare mwanzi wa kuvulia haununuliwi. Mtu akiutaka huenda kando ya mfereji, au kwa mjomba mwenye kichaka, huomba, hukata, huuanika juani siku chache, basi. Sisi tuliokulia upande wa Ndungu, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kusini, tulikata mianzi minene ya kijani, na uzi tukausokota kwa katani, maana mashamba ya mkonge hayakuwa mbali. Kitu pekee kilichotaka senti ni ndoano. Tulivua kambale na perege katika bwawa la Kalimawe, na mwanzi ukivunjika tulikata mwingine. Nimeshika mianzi mingi namna hiyo, na leo siukumbuki hata mmoja.

Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini watu wa nyumbani kwangu walinitazama walivyonitazama mwezi Februari 2016, niliporudi Same kutoka Moshi nikiwa na mwanzi nilioununua kwa shilingi 85,000. Nilikuwa katika mwaka wa pili wa kustaafu. Mama watoto aliuliza kama ni wa kutundikia pazia. Nilipomwambia kuwa ni wa kuvulia samaki, alinyamaza. Na mama wa Kipare akinyamaza katika mambo ya fedha, ujue hesabu inaendelea kichwani.

Mwanzi wa aina ile nilikuwa nimeuona mara moja tu, zaidi ya miaka arobaini nyuma, nilipokuwa mwanafunzi wa misitu pale Olmotonyi, Arusha. Mwalimu wetu mmoja mgeni alikuwa nao umetundikwa ukutani. Siku moja aliushusha akatuuliza: huu ni mti gani? Tukajibu kwa pamoja kwamba ni mwanzi. Akasema tumekosa mara mbili: kwanza mwanzi si mti bali ni jani, na pili huo si mwanzi mmoja bali ni vipande sita. Akatupa tuushike. Kweli, haukuwa mviringo, ulikuwa na pande sita, na maungio yake hayakuonekana hata ukiyatafuta kwa ukucha. Nilifanya kazi ya ubwana miti hadi nywele zikageuka rangi, nikapima magogo na kuhesabu miche, lakini swali lile halikunitoka. Nilipouona mwingine kwa muuza vitu vikuukuu mjini Moshi, nyuma ya rundo la taa za chemli, niliutambua kabla sijaugusa.

Niruhusiwe kueleza kidogo jinsi unavyotengenezwa, maana hapo ndipo fedha yangu ilipokwenda. Mwanzi unaotumika hukua kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong. Nyuzi zake ngumu zimesongamana karibu na ganda, na pingili zake ziko mbalimbali. Fundi huupasua, akachonga kila kipande kiwe na umbo la pembetatu linalopungua unene kutoka mpinini hadi nchani, kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele. Kisha huviunganisha vipande sita kwa gundi, maganda yakiwa nje yote. Kazi hiyo humla fundi saa nyingi, hata zaidi ya arobaini. Wamarekani na Waingereza waliiendeleza katika karne ya 19, na jina la Hiram Leonard wa Maine hutajwa daima. Marekani ilipozuia biashara na China mwaka 1950, mianzi ikaadimika kule, na mafundi wengi wakahamia kwenye nyuzi za kioo. Mwanzi ukawa kitu cha wapenzi wachache.

Na kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu uvuvi wake si kama wetu. Sisi hurusha chubwi, na chubwi huvuta uzi. Wao chambo chao ni ndoano iliyofungwa manyoya, nyepesi kama mdudu, haiwezi kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, na mwanzi lazima ujikunje mpaka kwenye kiganja kisha urudi taratibu. Samaki waliokusudiwa ni trauti wa maji baridi, wale walioletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura wa milima ya Aberdare. Nadhani mwanzi wangu ulitoka huko Kenya kwa mlowezi fulani, ingawa muuzaji aliapa kwamba ni wa babu yake. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na kikebe cha ndoano za manyoya kumi na moja. Huko Kenya kazi hiyo ya kufunga manyoya imekuwa ikilisha familia kwa miongo mingi. Mtu hukaa mezani siku nzima akitengeneza wadudu wa bandia wa kupelekwa Ulaya na Marekani, kwa ajili ya samaki ambao huenda hatawaona maishani.

Nilijifunza kurusha uani. Same ni mji wa vumbi na upepo, mvua ikikatwa na milima inaishia huko juu, kwa hiyo maji hayakuwapo. Badala ya ndoano nilifunga kipande cha uzi mwekundu. Jogoo wa jirani alikifuata wiki mbili bila kuchoka.

Kisha nikaenda Lang'ata kwa mdogo wangu. Yeye ni mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu tangu ujana wake. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, megawati nane, na samaki wakaja kama nyongeza. Wakawa wengi hata wavuvi wakahamia kutoka pande nyingine za nchi. Waliozaliwa karibuni hawaamini wakisimuliwa. Makokoro yalikuja, nyavu za macho madogo zikaja, na perege wakaanza kuuzwa wakiwa na urefu wa kidole. Mdogo wangu hakuwahi kuvuta kokoro, lakini watoto wake walikula kwa nyavu, na hilo lazima niliseme.

Aliupokea mwanzi kwa mikono miwili, akautikisa, akauliza: "Kaka, huu unavua samaki wangapi kwa siku?"

"Mmoja. Wawili, siku ikiwa njema."

"Na hao wawili watanunua sare za shule?"

Sikuwa na jibu. Mimi nina pensheni, yeye hana. Kusema kwamba ni vizuri kuvua samaki mmoja mmoja ni rahisi kwa mtu ambaye mwisho wa mwezi anaingia benki. Tulikula ugali kimya, na kesho yake nikarudi Same bila kulowesha mshipi.

Mwaka huohuo wa 2016 uvuvi ukasimamishwa katika bwawa zima kwa mwaka mmoja, ili samaki wazaane. Marufuku haikubagua. Mwanzi wangu nao ulikuwa haramu kama nyavu. Mdogo wangu alikunja nyavu zake akaja kwangu Same kufyatua matofali. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kazi ile ni ya vijana. Jioni alikuwa anarudi mikono imepasuka, anakaa barazani, hasemi.

Joto la Same lilikuwa limeharibu mwanzi. Vipande havikuachana, lakini nyuzi za hariri zinazoshika vipete vya kupitishia mshipi zilikuwa zimeoza, na kipete kimoja kilikuwa kinaning'inia. Nilijaribu kukifunga nikashindwa mara tatu. Jioni moja aliuchukua mikononi mwangu bila kuomba. Akakata uzi wa zamani, akauchunguza jinsi ulivyozungushwa, akacheka kidogo kwa pua. Mtu aliyetengeneza nyavu miaka thelathini hafundishwi kufunga uzi. Aliuzungusha mzunguko juu ya mzunguko, umebana, hauachi nafasi hata ya unywele, na mwisho wake akauficha chini ya wenzake kwa namna ambayo mpaka leo sijaielewa. Hariri hatukupata, tukatumia uzi wa fundi cherehani, tukapaka vanishi ya samani.

Ilimchukua jioni kumi na mbili kumaliza vipete vyote, pamoja na vya ncha ya pili, maana mianzi hiyo mara nyingi huuzwa na ncha mbili, moja ya akiba. Katika jioni hizo ndipo alipozungumza. Aliniambia deni la mtumbwi lilivyokuwa. Aliniambia kwamba marufuku ilikuwa ya haki, kwamba yeye mwenyewe angeiweka kama angekuwa na uwezo, na kwamba bado usiku alikuwa akiota anavuta nyavu. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, na mimi sikuona kama yanapingana. Mama watoto alikuwa akituletea chai. Kuhusu shilingi 85,000 hakusema neno tena, na sijui hesabu yake iliishia wapi.

Bwawa lilipofunguliwa mwaka 2017 tulikwenda pamoja. Asubuhi sana, maji yametulia, alinipeleka kwenye matete ya ghuba ndogo ambako perege hujenga viota. Nilirusha mpaka bega likauma. Perege hula zaidi mwani wa majini, hana haja na mdudu wa manyoya, na nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ndipo mshipi uliposimama. Mwanzi ulijikunja mpaka kiganjani, kama yule mwalimu alivyosema ungefanya. Nilimtoa perege wa kama gramu mia tatu. Baada ya saa moja nikapata wa pili, akiwa mdogo, nikamrudisha. Mdogo wangu aliomba ajaribu. Mshipi ulimzunguka shingoni mara mbili, akatukana kwa Kipare, akaendelea.

Amerudi kwenye nyavu, za macho makubwa, na hapati kama zamani. Mwanzi hauwezi kumlisha na hatujifanyi kwamba unaweza. Siku ile wakati wa kuagana alifungua mfuko wangu, akatoa ncha ya akiba, akasema ina kipete kimoja ambacho hakukipenda alivyokifunga, anataka kukirudia. Nilikitazama, sikuona kasoro. Ncha hiyo bado iko Lang'ata, imechomekwa chini ya paa lake pamoja na nyavu. Nikiihitaji napanda basi mpaka Mwanga, kisha bodaboda, nakuta amekwisha kukifungua kipete kingine.