Sarafu Niliyoirusha Izumo

Nilirusha sarafu kwenye kamba takatifu ya hekalu la Izumo Taisha, ikanasa, nikashangilia. Wengi nimewasimulia habari hiyo kama kichekesho cha safari. Leo naisimulia ilivyokuwa: niliwakosea watu adabu mahali pao pa ibada, na nilifanya hivyo nikijua.

Izumo iko mkoa wa Shimane, magharibi mwa kisiwa kikuu cha Japani, mbali na miji mikubwa. Wajapani husema kwamba kila mwezi wa kumi wa kalenda yao ya zamani, miungu ya nchi nzima huondoka makwao na kukutana hapo. Jumba kuu la hekalu, lenye kimo cha meta 24, lilijengwa upya mwaka 1744. Hata namna ya kusali ni ya pale pale: kwenye mahekalu mengi ya Kishinto watu hupiga makofi mawili, Izumo hupiga manne.

Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla ya kufika. Mimi ni Mwislamu, na njiani nilishaamua kwamba sitainama wala sitapiga makofi. Wenzangu waliposali nilisimama kando kimya, na hakuna aliyeniangalia vibaya. Nashukuru kwa hilo.

Kisha tukaenda kwenye jumba la Kaguraden. Mlangoni imetundikwa shimenawa, kamba ya mabua ya mpunga inayoonyesha kwamba hapa ni mahali patakatifu. Urefu wake unapita meta 13, uzito wake tani 5. Kamba za nanga nilizokua nikiziona bandarini ni uzi mbele yake. Chini yake yananing'inia matita manene ya mabua, yamekatwa sawasawa, ncha zikitazama chini.

Vijana wawili walikuwa wakirusha sarafu ili zinase katika ncha hizo. Inasemekana ikinasa umepata bahati. Nikamwuliza mwenyeji wangu kama inaruhusiwa. Akavuta pumzi, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Wapo wanaofanya." Nilikuwa nimeishi Japani vya kutosha kujua kwamba jibu la namna hiyo maana yake ni hapana. Nikajifanya sikuelewa.

Nikatoa sarafu ya yeni 5, ile ya manjano yenye tundu katikati na suke la mpunga lililochorwa juu yake. Mara ya kwanza ilianguka, ikabiringika hadi miguuni pa bibi mmoja aliyekuwa akisali. Akakatiza sala yake, akaiokota, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikaipokea. Nikairusha tena.

Hapo ndipo penye uzito wa kosa langu. Nililinda imani yangu isiguswe na yao, lakini yao sikujali kuilinda na mkono wangu. Angeingia mgeni msikitini kwetu na viatu miguuni, tena akiwa ameshauliza na kujibiwa, ningemtoa mwenyewe.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hekalu linawasihi wageni wasirushe sarafu, maana hulegeza mabua yakaporomoka, na kwamba waliwahi hata kuziba ncha zile kwa wavu. Nikafika pia Iinan, mji mdogo wa milimani katika mkoa huohuo, ambako kamba hiyo husokotwa. Mpunga wake hukatwa ungali mbichi, kabla haujatoa suke, ili bua libaki laini na la kijani. Yaani mkulima anaacha mchele wake kwa ajili ya kamba. Karakanani nilimkuta mzee akichambua mabua, bua moja moja, akiondoa majani yaliyokauka na kupanga yaliyo safi upande wake wa kulia. Akaniuliza kama nimeshafika Izumo. Nikasema ndiyo, nimeiona kamba, ni nzuri sana. Akafurahi kweli, akanipa bua nilishike. Nilikuwa na nafasi ya kumwomba radhi uso kwa uso, na ulimi ukanisaliti.

Kibaya zaidi, nilikuwa nimeshampa rafiki yangu picha ya sarafu ile na kumweleza arushe vipi. Naye akaenda akarusha, akanitumia yake. Huyo nimempigia simu. Nimemwambia nilimpotosha, na kwamba siku ile nilipouliza nilijibiwa nikaelewa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini nilimwacha aende bila kumwambia. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo.