Sauti isiyosikika

Korali yetu iko na kinanda kidogo, Yamaha DX100, cha aina iliyotoka Japani mwaka wa 1985. Vibonye vyake ni 49 tu, vyembamba, na umeme ukikatika kinapigwa kwa betri. Wengine wanatushauri tukiuze, tutafute kikubwa cha kisasa.

Sisi tunasema tukitunze. Njia yake ya kutoa sauti ilivumbuliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka wa 1967. Wimbi moja linatikisa lingine kwa haraka sana, na sauti mpya inazaliwa, ya kengele ao ya filimbi. Lile linalotikisa halisikiki lenyewe. Ukiliondoa, inabaki sauti nyembamba kama mluzi.

Je, si ndivyo ilivyo kazi ya mama nyumbani? Lakini tusitosheke na mfano huo. Katika korali wasichana wanaimba, vyombo wanashika wavulana. Vibonye hivi vinafaa vidole vya watoto. Tunaomba kila Jumamosi binti zetu wafundishwe kukipiga, ili nao wasikike.