Kabla hujabonyeza, tazama nyuma ya mtoto

Jumamosi nisipokuwa zamu huwa naenda Kunduchi, kwenye mabwawa ya chumvi, kupiga picha za ndege. Kuanzia Oktoba hadi Machi kunakuwa na wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, wanadonoa tope kutwa nzima. Yangeyange wetu nao wapo.

Ndege huwezi kumwambia "sogea kidogo, mwanangu". Ukiona nyuma yake pana nguzo au mfuko wa plastiki, unasogea wewe. Hatua mbili kushoto, nguzo imepotea. Ukichuchumaa hadi usawa wa jicho lake, matope yaliyokuwa yanamzunguka yanatoka kwenye picha na nyuma yake yanabaki maji ya mbali, ambayo lenzi ndefu huyageuza kuwa rangi tupu.

Simu haina lenzi ya namna hiyo, ndiyo maana picha ya mtoto sebuleni hutoka na kila kitu: waya wa televisheni, ndoo, pazia. Ile programu ya simu inayotia ukungu nyuma ya mtu hukisia tu mwili unaishia wapi, na kwenye nywele na masikio mara nyingi hukosea. Mimi namtoa mtoto ukutani hatua nne au tano. Au namsimamisha mlangoni mchana, uso ukitazama nje, chumba nyuma yake hakijawashwa taa. Uso unapata mwanga, na vitu vya ndani vinamezwa na giza. Haihitaji hata senti.

Kuna jambo moja wapiga picha wa ndege hulifanya, nami siwezi kulitetea. Wakikuta kiota, wanakata vijiti vinavyoziba ili picha iwe safi. Vijiti hivyo ndivyo vinavyowakinga makinda na jua, na vinawaficha kunguru wasiwaone. Mama yao akirudi anakuta nyumba haina ukuta.

Kazini kwangu hali ni kinyume: kilicho nyuma ndicho kinachomweka mtu wazi. Mwaka jana niliingia wodi ya watoto kuandika habari za utapiamlo. Mama mmoja alikubali mimi nimpige picha na mwanawe, akasaini. Nikainua kamera, na kwa mazoea ya ndege nikaanza kukagua kingo za picha. Kitanda cha pili mwanamke alikuwa anajifunika khanga usoni. Yeye hakuwa ameulizwa na mtu. Ukutani, juu ya kichwa cha mtoto, palibandikwa karatasi yenye majina ya wagonjwa na dawa zao. Tukahamia dirishani, na nyuma yao ukabaki ukuta mtupu. Mhariri alilalamika kwamba picha haionyeshi kama ni hospitali. Nikamjibu maelezo ya chini ya picha yatasema.

Januari dada yangu aliweka WhatsApp picha ya mwanawe siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Nilimpigia.

"Dada, hebu nisomee hiyo picha."

"Nisome nini? Mtoto kapendeza!"

"Kapendeza kweli. Nyuma yake pana bango la shule. Kwenye begi kuna jina lake lote. Na saa imeonekana kwenye simu ya baba yake, saa moja kasoro. Mtu asiyemjua ameshajua amuite nani, wapi, saa ngapi."

Akanyamaza, kisha akasema mimi na ndege zangu tumezidi. Lakini jioni ile picha haikuwepo.

Akaweka nyingine: mtoto mlangoni kwao, fulana ya nyumbani, nyuma giza, meno mawili ya mbele hayapo. Watu walimsifia kuliko ile ya kwanza. Mwenye picha ndiye hakuridhika. Alinipigia mwenyewe: "Mama mdogo, begi langu jipya mbona halionekani?"