App ya Msanii Ilijifunga Siku Mbili Kabla ya Kukabidhi

Jina lake kapuni, msije mkaniponza bure. Ila wadau wa Mwanga na Ujiji mkifikiria kidogo tu mtamjua: mtoto wa Kigoma, anaishi Dar, akirudi nyumbani lazima mtaa mzima ujue.

Alinipa kazi ya kutengeneza app ya kuuza tisheti na tiketi za shoo yake. Advansi laki na nusu. Nilikuwa nimetoka tu chuo, natumia programu niliyoipata enzi za uanafunzi: unaburuta vitufe, unapachika picha, app hiyo hapo. Siku ya kujiunga nilibonyeza "nakubali" bila kusoma. Nani anasoma yale maandishi?

Siku mbili kabla ya kukabidhi, nafungua, naambiwa leseni ya mwanafunzi imeisha. Nilipe kwa dola, kila mwezi. Na kumbe kazi ya biashara sikuruhusiwa tangu mwanzo. Hapo kosa langu, sikatai. Kilichoniuma ni kwamba jasho la wiki sita limo humo ndani na hakuna programu nyingine inayoweza kulifungua.

Jamaa akampa kazi kijana wa Dar, na advansi yake anaitaka. Nilishaila. Aliyenilipia ni dada yangu, anaanika dagaa Kibirizi, na ile ilikuwa hela ya mtaji. Hakusema neno. Bora angenisema.

Nikahamia programu huria. Linux, Python, Git. Safari hii leseni nimezisoma: fanyia biashara ukitaka, msimbo uone, ubadilishe. Si raha tupu jamani. Bando linakatika ukiwa unapakua, maelezo mengi Kiingereza kitupu, miezi mitatu naandika vitu vinagoma. Na anayesema haya ni mambo ya Wazungu, mwambieni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, ya Kiswahili kabisa, mwaka 2004.

App yangu ya kwanza ni ya dada: nani kachukua dagaa, nani hajalipa. Mtandao ukikata inaendelea, data iko kwenye simu yake mwenyewe. Jana kanipigia analalamika herufi ni ndogo. Nikazikuza usiku uleule.

Msanii naye kaibuka wiki iliyopita: "Oya, bado unafanya zile mambo?" Nimemtumia bei mpya. Tiki mbili za bluu, kimya.