Kupunguza Jiwe

Wageni wafikao Tabaka, katika Kaunti ya Kisii, husifu sana mng'aro wa vinyago vyetu vya mawe ya sabuni. Kwa maoni yangu sifa hizo hazifiki zinapostahili. Mng'aro huletwa na msasa, maji na nta. Lakini kinyago hupona au huharibika mapema zaidi, wakati jiwe kubwa linapopunguzwa.

Jiwe hili ni laini ajabu. Talki iliyomo ndani yake ina daraja la 1 katika kipimo cha ugumu wa madini, nayo hukwaruzika hata kwa ukucha. Kwa hiyo wengi hulivamia kwa panga kama wapasuao kuni. Mjomba wangu, ambaye karo yangu hutoka katika kazi hii, hafanyi hivyo. Kwanza hulilowesha, maana likiwa na maji hukatika vyema na vumbi halipandi. Vumbi hilo likivutwa miaka mingi hudhuru mapafu. Kisha huligonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Likilia wazi, ni zima. Likitoa sauti nzito, huenda lina ufa, naye hulipasua papo hapo likawa la sahani.

Tuseme anachonga twiga. Huchora umbo pande zote za jiwe. Pale panapotakiwa kutoka sehemu kubwa, kama mbele ya shingo, hukata kwa msumeno mikato mingi iliyo sambamba, upana wa kidole baina yake, kila mmoja ukikoma kidogo kabla ya mstari. Hapo jiwe husimama kama mkate uliokatwa vipande. Huvigonga ubavuni, navyo huanguka kimoja kimoja. Panga hufuata, likipigwa daima kuelekea nje, wala si kuelekea shingoni.

Jirani yetu mmoja hutumia panga peke yake, naye ni mwepesi zaidi. Kwa kweli ni raha kumtazama. Lakini jiwe huvumilia kulemewa, halivumilii kupindwa. Ndiyo sababu mjomba huiacha miguu ya twiga ikiwa pande moja mpaka kichwa na shingo viishe. Shingo ikikatika, kazi ya siku mbili hugeuzwa kiboko, na bei ya kiboko hutajwa na mnunuzi.

Mabaki makubwa huwa mayai ya kupambia meza. Madogo hujaza mashimo ya njia iendayo machimboni.